"Hasemi, atashuhudia nini?"

Kauli hiyo husemwa mtoto mwenye ulemavu anapofanyiwa ukatili wa kingono. Nimeisikia Pasua, nimeisikia Majengo, na siku moja nikaisikia kwenye benchi la kituo cha polisi hapa Moshi, kutoka kwa baba mdogo wa binti kiziwi. Binti mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, anakunja na kukunjua pindo la sketi, macho yakifuata midomo ya kila anayezungumza.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu shahidi asiyeweza kusema aeleze kwa maandishi au kwa ishara, na ushahidi huo unahesabiwa kama wa mdomo. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza asile kiapo, akaahidi tu kusema kweli. Na kwenye makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kumtia mtu hatiani.

"Mama yake atafsiri, ndiye anamwelewa." Hapa ndipo kesi inapoharibika. Mama anaelewa njaa, choo na usingizi. Ishara za nyumbani mara nyingi hazina hata jina la sehemu za siri. Tena mtuhumiwa anaweza kuwa ndiye anayelisha familia. Aitwe mkalimani wa lugha ya alama asiye wa ukoo. Kama mtoto hajui lugha ya alama, aje mwalimu wake, ziletwe picha na karatasi. Mama akae karibu, ila asijibu. Yule binti alipopewa kalamu alichora kitanda, mlango na jozi ya viatu.

Swali liwe "ilikuwaje?", si "ni anko, eti?" Mtoto mwenye ulemavu wa akili anaweza kuitikia ndiyo ili tu kumridhisha mkubwa. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuchukua dakika nzima kutoa neno moja. Asimaliziwe.

"Mlemavu, nani amguse?" Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2012 kwenye jarida la Lancet ulikuta watoto wenye ulemavu wako kwenye hatari ya ukatili karibu mara 3.7 kuliko wenzao.

"Tuyamalize kwa sale." Jani hilo la Wachaga la kuombea radhi nalikubali, limepatanisha wengi waliogombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Lakini ubakaji ni jinai, mlalamikaji ni Jamhuri. Ukoo hauna msamaha wa kutoa.

"Kwanza aogeshwe." Hapana! Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, afikishwe hospitali kabla ya saa 72, maana dawa za kukinga VVU hazisubiri. PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, inatolewa polisi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa mbali, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.