Kitabu Kilichosemwa Kabla ya Kuandikwa: Mahubiri ya Mdomo na Chimbuko la Kitabu cha Mormoni

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha Wamormoni kinachosimulia watu wa kale wa bara la Amerika, huja kwa namna mbili. Muumini huuliza: kijana wa mkulima, aliyesoma kwa kuungaunga, angewezaje kuandika kitabu cha kurasa 590? Mpinzani naye huuliza: alinakili wapi? Wote wawili nawajibu kwamba hakukiandika. Kijana huyo, Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, alikisema, na wengine ndio walioshika kalamu.

Hapa hakuna mzozo. Wafuasi wake na mahasimu wake wamepigana juu ya karibu kila kitu kinachomhusu, lakini katika hili wanakutana. Kitabu kile kilitoka kinywani, neno baada ya neno, mbele ya mwandishi aliyekaa mezani. Tofauti yao ni juu ya maneno yalikotoka kabla hayajafika kinywani. Swali hilo la mwisho ni la imani, na sisi tunaofundisha historia ya dini hatuna mizani ya kulipima. Yaliyo mikononi mwetu ni kuonyesha kinywa kile kilizoezwa wapi, na masikio ya wakati ule yalizoea kusikia nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 7 Aprili 1829, katika nyumba ndogo huko Harmony, Pennsylvania, mwalimu wa shule aitwaye Oliver Cowdery alikaa na kalamu ya unyoya na karatasi. Joseph, aliyekuwa na miaka 23, alitia ndani ya kofia jiwe ambalo waumini husema lilimwonyesha maneno, akaufukia uso wake humo hadi mwanga usiingie, kisha akaanza kusema. Mkewe Emma, ambaye naye aliwahi kumwandikia, alisimulia jambo hilo mwaka 1879 alipohojiwa na mwanawe. Alisema mumewe alikuwa akitamka saa baada ya saa, na baada ya kula au kukatizwa aliendelea pale pale alipoachia bila kuuliza amefika wapi. Jiwe lenyewe lipo hadi leo, la rangi ya kahawia na umbo la yai. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitoa picha yake mwezi Agosti 2015, na waumini wengi walikuwa hawajawahi kuliona.

Mwezi Juni walihamia Fayette, New York, kwa familia ya Whitmer, na ilipofika mwisho wa mwezi kazi ilikuwa imekamilika au karibu sana. Kitabu kina maneno yapatayo 270,000. Ukiondoa siku za safari na shughuli nyingine, zinabaki siku 60 na ushei za kazi, yaani zaidi ya maneno 4,000 kwa siku. Kwa mtu anayetunga kwa kalamu, anayefuta na kuanza upya, mwendo huo ni wa kutisha. Kwa mtu anayesema ni mwendo wa kawaida, kwa kuwa mhubiri wa mkutano wa hadhara huyamaliza maneno hayo kabla jua la mchana halijapoa.

Basi tumwangalie mhubiri wa wakati ule.

Joseph alizaliwa Vermont mwaka 1805, na akiwa bado mtoto wazazi wake walihamia Palmyra, magharibi mwa New York. Eneo hilo lilipitiwa na mawimbi ya uamsho wa kidini moja baada ya jingine, hata likaitwa nchi iliyoungua, kana kwamba moto wa Roho ulikuwa umeteketeza kila kijiti. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri waligombea roho za watu. Silaha yao kubwa ilikuwa sauti, ingawa si wote walioitumia kwa namna moja. Wachungaji wa makanisa ya zamani ya New England mara nyingi walisoma mahubiri waliyoyaandika nyumbani. Wamethodisti waliona kusoma ni dalili ya ubaridi. Mhubiri wao alipanda farasi, akazunguka mzunguko wa vijiji kwa majuma kadhaa, na popote aliposhuka alisimama akahubiri bila karatasi. Alichobeba kichwani ni mifupa ya mahubiri: aya ya Biblia, vichwa viwili au vitatu vya hoja, na akiba ya mifano. Nyama aliitia papo hapo, kwa kadiri Roho alivyomwongoza na kwa kadiri alivyowasoma watu waliokuwa mbele yake. Alianza kwa kuvitaja vichwa vyake, akaingia kimoja kimoja, na alipopotea njiani alirudi kwenye kichwa alichokitaja.

Kisha kulikuwa na makambi. Msomaji aliyekulia Upare au Kisii kati ya Wasabato halihitaji tafsiri neno hilo: familia zinahama na vyombo, turubai zinatandazwa, mahubiri asubuhi hadi usiku kwa siku kadhaa. Desturi hiyo ilitoka huko huko Marekani. Waadventista walizaliwa katika vuguvugu la William Miller, mkulima wa New York, miaka ya 1830 na 1840, na wamishonari wao walipofika Upare mwaka 1903 walitokea katika kanisa lililolelewa na mikutano ya namna hiyo. Mkutano uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Cane Ridge, Kentucky, Agosti 1801, ambapo makadirio ya siku zile yanaanzia watu 10,000 na kuvuka 20,000. Wahubiri kadhaa walihubiri kwa wakati mmoja, mmoja jukwaani, mwingine juu ya gari la farasi, mwingine juu ya kisiki. Watu walianguka chini kwa mamia, wakalia, na walipoinuka walisema wamezaliwa upya.

Joseph alikuwa wapi katika haya? Tuna shahidi ambaye hakuwa rafiki yake. Orsamus Turner, aliyejifunza kazi ya uchapaji Palmyra akiwa kijana, aliandika mwaka 1851 kwamba Joseph alishika cheche ya Umethodisti kwenye makambi ya msituni, kando ya barabara ya Vienna, akawa mhimizaji wa kuridhisha kiasi katika mikutano ya jioni. Huyo mhimizaji alikuwa ngazi ya chini ya uhubiri. Hakuruhusiwa kuchukua aya na kuifafanua. Mhubiri alipomaliza, yeye ndiye aliyeinuka kushika pale moto ulipokuwa bado unawaka, akawabana watu waamue usiku ule ule. Kazi hiyo haina maandalizi ya maandishi hata kidogo. Turner anataja pia chama cha midahalo cha vijana ambamo Joseph alishiriki. Na mama yake, Lucy, alikumbuka kwamba jioni nyumbani kijana huyo aliwasimulia wenyeji wa kale wa bara lile, mavazi yao, wanyama waliowapanda, miji, vita na ibada zao, kana kwamba ameishi nao. Haya yalikuwa miaka kadhaa kabla ya Cowdery kuketi na kalamu yake.

Emma alisema mumewe wakati ule hakuweza kuandika wala kutamka barua iliyonyooka. Waumini huutumia ushuhuda huo kama msumari wa mwisho. Sina sababu ya kumtilia shaka mama yule, ila barua ni kitu kimoja na mahubiri ni kitu kingine. Sote tunawafahamu watu wanaoweza kuushika umati kwa saa mbili bila kukohoa, na ukimwomba mmoja wao aandike barua ya maombi ofisini, anahangaika siku nzima na aya ya kwanza.

Sasa kifungue kitabu chenyewe na ukisikilize. Mfalme Benjamini, katika sehemu iitwayo Mosia, anawaita watu wake. Wanapiga mahema kuzunguka hekalu, kila familia na hema lake, mlango ukielekea hekaluni. Anajengewa mnara ili asikike, na walio mbali wanapelekewa maneno yake yakiwa yameandikwa. Anapomaliza kusema anatazama huku na huku, na watu wameanguka chini. Kisha wanalia kwa sauti moja wakiomba rehema, na baadaye wanaambiwa wamezaliwa upya. Msomaji wa mwaka 1830 hakuhitaji kuelezwa mahali pale panafananaje. Pengine hema lake mwenyewe lilikuwa halijakauka.

Au msikilize Alma, mhubiri mwingine wa kitabu hicho, akiwa mbele ya watu wa mji wa Zarahemla. Anaporomosha maswali, moja juu ya jingine: mmezaliwa na Mungu? Mmeipokea sura yake nyusoni mwenu? Mliwahi kujisikia kuimba wimbo wa upendo ule ukomboao, na je, mnajisikia hivyo sasa? Lile “sasa” ndiyo ndoano yenyewe ya mhimizaji. Ukiyasoma kimya yanachosha, ila ukiyasoma kwa sauti unajikuta unapandisha pumzi bila kukusudia.

Alama ninayoipenda zaidi ni ndogo. Katika sehemu iitwayo Alma, sura ya 24, kuna watu walioapa kutomwaga damu tena, wakazifukia silaha zao. Sentensi inasema, kwa tafsiri yangu, kwamba walizika silaha za amani, au walizika silaha za vita, kwa ajili ya amani. Mwandishi wa kalamu akikosea hivyo anakata mstari na kuandika upya. Msemaji hana pa kukata. Neno likishatoka limetoka, na njia pekee ni kusema “au” na kulisahihisha mbele za watu. Kosa lile na masahihisho yake yameingia kitabuni pamoja, na yangali humo.

Kuna pia “na ikawa kwamba”, kauli inayojirudia zaidi ya mara 1,300 na kuwachosha wasomaji tangu siku ya kwanza. Ni lugha ya Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, hilo ni wazi. Lakini anayesimulia kwa mdomo huhitaji mahali pa kuvutia pumzi huku akifikiri kinachofuata, na msimulizi wa hadithi wa kwetu anaposema “basi bwana” hafanyi jambo la mbali na hilo.

Kuna ushahidi unaovuta upande mwingine. Katika muswada wa kwanza, Cowdery anapofika kwenye jina la Coriantumr katika sehemu ya Helaman, anaanza kwa kuliandika kama alivyolisikia, Coriantummer, halafu analikata na kuandika tahajia iliyozoeleka. Mwisho wa aina ile, m na r bila irabu, hauwezi kukisiwa kwa sikio. Lazima jina lilitamkwa herufi kwa herufi. Muumini anasema: alikuwa akiona maandishi. Hoja hiyo ina uzito na haifutwi kwa kicheko. Aidha, kulikuwa na mamia ya wahimizaji wa Kimethodisti katika Marekani ya miaka ile, na hao wengine hawakuacha nyuma yao kitabu cha maneno 270,000 chenye falme, vita na koo zake.

Ninachoshangaa ni jinsi wapinzani wa mwanzo walivyokimbilia karatasi. Mwaka 1834 kilitoka kitabu kilichodai kwamba Joseph alichukua riwaya isiyochapishwa ya marehemu Solomon Spalding. Watu waliamini hivyo kwa miaka 50. Mwaka 1884 muswada wa Spalding ukaonekana Honolulu, na waliousoma wakakuta hadithi tofauti kabisa. Alexander Campbell, mhubiri mwenye ulimi mkali, alikuwa karibu zaidi na shabaha mwaka 1831 aliposema kitabu kile kinarudia karibu kila hoja iliyojadiliwa New York kwa miaka kumi. Alikusudia kukikejeli, lakini sikio lake lilikuwa limesikia vizuri.

Mtu wa kwanza kuhangaika na sauti hiyo kwenye karatasi alikuwa John Gilbert, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha E. B. Grandin, Palmyra. Hyrum, kaka yake Joseph, alimletea kurasa 24 za mwanzo zikiwa zimefungiwa ndani ya koti. Gilbert alipoziangalia hakuona nukta, koma wala aya. Yalikuwa maneno mwanzo hadi mwisho, kama yalivyosikika. Akaomba aruhusiwe kwenda nayo nyumbani, akawa anaweka vituo kwa penseli usiku. Nakala 5,000 zilichapwa kwa dola 3,000, deni ambalo mfuasi wake Martin Harris aliliwekea rehani shamba lake, na zilianza kuuzwa Machi 1830.

Joseph hakuacha kusema. Ufunuo wa mwaka 1832 aliouandikisha unawaagiza wahubiri wake wasiwaze mapema watakachosema, bali waweke akiba ya maneno ya uzima akilini, nao watapewa saa ile ile. Mhubiri yeyote wa Kimethodisti angeitambua kanuni hiyo. Na tarehe 7 Aprili 1844, miaka 15 kamili tangu Cowdery aketi mezani kule Harmony, Joseph alisimama Nauvoo, Illinois, mbele ya maelfu, kuhubiri kwa kumkumbuka rafiki aliyefariki kwa ajali kisimani, King Follett. Hakuwa na karatasi. Aliwaomba watu wasali ili Bwana auzuie upepo na kuyapa mapafu yake nguvu, kisha akasema kwa zaidi ya saa mbili. Watu wanne walikuwa wakiandika: Willard Richards, Wilford Woodruff, Thomas Bullock na William Clayton. Cowdery aliweza kumsimamisha na kumwomba arudie. Hawa wanne hawakuweza, na maandishi yao hayafanani. Joseph aliuawa Juni 27 mwaka huo huo, na hotuba ile tunaisoma leo kwa kuunganisha walichokiwahi wanne wale.