Hakuna Anayekuuliza Kama Ulilowa: Agent Orange na Fidia ya VA

"Sikuwahi kushika yale mapipa, wala sikuona ndege ikinyunyiza. Sasa nitadai nini?" Wanaosema hivi ni maveterani, yaani wanajeshi wa zamani wa Marekani, na wanazungumzia fidia ya VA, wizara ya Marekani inayohudumia maveterani, kwa magonjwa ya Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyonyunyizwa Vietnam wakati wa vita. Wana kisukari, wamewekewa vyuma vya kupanua mishipa ya moyo, au wametolewa tezi dume. Wengine wamebaki na kauli hiyo tangu watoke Vietnam, fomu hawajajaza hata moja. Na sasa watoto wao wanairudia kama ilivyo.

Tangu Sheria ya Agent Orange ya 1991, veterani wa Vietnam haulizwi alimwagiwa dawa siku gani wala ilimpata kiasi gani. Kama alikanyaga nchi hiyo kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, hata kwa muda mfupi, sheria inachukulia kwamba dawa ilimfikia. Kama ugonjwa wake umo kwenye orodha ya VA ya magonjwa ya dawa hiyo, inachukulia pia kwamba dawa ndiyo iliyouleta. Kwa hiyo vinatakiwa vitu viwili tu: ushahidi kwamba ulikuwepo, na karatasi ya daktari inayotaja ugonjwa. Barua ya mtaalamu ya kuunganisha ugonjwa na dawa haihitajiki. Wapo wanaowauzia wazee barua hizo kwa bei ya kuumiza, kwa magonjwa ambayo hayakuzihitaji tangu mwanzo. Na ujue hili pia: kisheria hakuna anayeruhusiwa kukutoza ada kwa kuandaa dai lako la kwanza. Mawakala waliosajiliwa na mawakili wanaweza kutoza baada ya VA kutoa uamuzi wa kwanza, si kabla. Vyama vya maveterani vinasaidia bure.

Si Vietnam pekee. Waliokuwa kwenye meli nje ya pwani ya Vietnam, ndani ya maili 12 za baharini, wamo tangu 1 Januari 2020. Wa eneo lisilo la kijeshi la Korea wamo, kati ya 1 Septemba 1967 na 31 Agosti 1971. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 ikaongeza kambi yoyote ya Thailand hadi 30 Juni 1976, Guam na Samoa ya Marekani hadi 31 Julai 1980, pamoja na sehemu na vipindi maalumu vya Laos, Kambodia na Johnston Atoll. Zamani wa Thailand alitakiwa aonyeshe kwamba kazi yake ilikuwa kando ya uzio, kama mlinzi au mwenye mbwa. Mpishi na karani walikataliwa. Leo hao wote wanastahili, lakini aliyekataliwa lazima arudi mwenyewe na fomu 20-0995, ya kuomba dai lililokataliwa liangaliwe upya. Asikae akisubiri VA imtafute.

Madai yanapokwama, mara nyingi hayakwami kwenye dawa. Yanakwama kwenye kuthibitisha kuwepo. Mtu anatuma DD-214, cheti cha kuachiwa jeshini, peke yake, inaonyesha medali ya Vietnam Service, anadhani kazi imekwisha. Medali hiyo walipewa pia watu wa Thailand na wa baharini, kwa hiyo haisemi mguu wako ulikanyaga wapi. Jaza fomu SF-180 uombe faili lote la utumishi, usiombe DD-214 tu. Humo mna amri za uhamisho na orodha ya vituo. Zikikosekana, tafuta kumbukumbu za malipo ya eneo la hatari, daftari la safari za meli, bahasha ya barua yenye muhuri wa posta ya jeshi, au maelezo ya maandishi ya mwenzako wa kikosi kimoja. Na usiniambie mafaili yaliungua. Moto wa Julai 1973 kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi huko St. Louis uliteketeza hasa mafaili ya wanajeshi wa nchi kavu walioachiwa kati ya 1912 na 1960, na sehemu ya mafaili ya jeshi la anga ya walioachiwa 1947 hadi 1963. Aliyeachiwa 1969 hayumo kwenye fungu hilo.

Kosa jingine ni ganzi ya miguu. Veterani anaandika "ganzi, kwa sababu ya Agent Orange" na anakataliwa, kwa kuwa ganzi iliyo kwenye orodha ni ile ya mapema tu, iliyofikia kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 kwa kipimo cha VA ndani ya mwaka mmoja tangu aguswe na dawa. Ya kwake imeanza uzeeni. Lakini mtu huyohuyo ana kisukari aina ya 2, kilichomo kwenye orodha tangu 2001. Adai kisukari kwanza, kisha ganzi kama tatizo lililoletwa na kisukari, kila mguu kivyake. Figo na macho hufuata njia hiyohiyo. Miguu ni ileile na daktari ni yuleyule. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye fomu.

Shinikizo la damu limeingia orodhani 2022, na hapa watu wanaudhika wakipewa asilimia 0. Vidonge vimeshusha namba zao. Ili upate asilimia 10 ukiwa unameza vidonge, inabidi rekodi zionyeshe kwamba namba ya chini ilikuwa mara nyingi 100 au zaidi. Tafuta kadi za kliniki za kabla hujaanza vidonge. Hata 0 usiitupe: ukipata kiharusi baadaye, utakuwa tayari na mahali pa kukiunganisha.

"Mimi nilishapimwa Agent Orange miaka ile." Ulipimwa kwa ajili ya rejista, yaani daftari la VA la afya ya waliofikiwa na dawa hiyo. Kipimo cha rejista si dai na hakilipi senti. Dai ni fomu 21-526EZ, na kabla yake tuma 21-0966, ya kutoa taarifa kwamba utadai, leo hii, hata kama karatasi hazijakamilika. Inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja, na malipo ya nyuma yanahesabiwa kuanzia hapo.

"Nilishapata pesa za kampuni za kemikali." Zile dola milioni 180 za 1984 zilikuwa kesi ya mahakamani dhidi ya watengenezaji. Hazihusiani na VA.

"Nina ulemavu wa asilimia 50 na wa 30, mbona hawanipi 80?" Asilimia 30 inachukuliwa kwenye nusu iliyobaki, unapata 65, wanaipandisha hadi 70.

"Nikirudi Kenya au Tanzania wataikata fidia." Hawaikati. Fidia inakufuata popote, na matibabu ya ugonjwa uliokubaliwa yanalipiwa nje kupitia mpango wa Foreign Medical Program. Kijana aliyetumikia Djibouti naye asidai kwa Agent Orange: kwake ni moshi wa mashimo ya kuchomea taka, wenye orodha yake.

Kwa wajane: kifo hakifuti haki. Fomu ya kudai fidia ya mjane ni 21P-534EZ, na ukiituma ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo yanahesabiwa tangu mwezi wa kifo. Kama mzee alifariki dai lake likiwa bado linashughulikiwa, omba kuchukua nafasi yake kwa fomu 21P-0847, nayo ndani ya mwaka huohuo. Angalia cheti cha kifo kabla hujatuma chochote. Madaktari wengi huandika "moyo kusimama" na kuishia hapo, wakati kilichomdhoofisha ni kisukari au saratani. Ugonjwa uliochangia unatosha, hata kama si sababu kuu. Ukikuta haukuandikwa, mwombe daktari aliyesaini arekebishe cheti, au akuandikie maelezo kwamba ugonjwa huo ulichangia kifo, uyaambatishe.