Matabaka ya angahewa: fuata joto, achana na kukariri kilomita

Kila nikiulizwa kuhusu matabaka ya angahewa swali huwa lile lile, troposfia inaishia kilomita ngapi, stratosfia inaanzia wapi, yani watu wanataka namba za kukariri basi. Namba nitazitoa, ila mimi kama mtu wa hali ya hewa naumia kuona somo tamu kama hili linageuzwa orodha, mana matabaka yenyewe yaligawanywa kwa joto. Unapanda juu, joto linashuka, linashuka, afu ukifika sehemu fulani linagoma kushuka na linaanza kupanda, hapo ndo tabaka moja limeisha na lingine limeanza. Na kila joto linapogeuka ujue kuna kitu kingine kinachoipasha hewa, au kinachoipoza.

Tuanze huku chini tunakoishi, troposfia. Mwanga mwingi wa jua unapita hewani bila kuipasha sana, unafika ardhini na baharini, hapo ndo unageuka joto na ardhi inaipasha hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo hewa inachemshwa kutoka chini kama maji kwenye sufuria, ya moto inapanda ya baridi inashuka, vurugu tupu. Ndo mana mvua, radi, dhoruba na karibu mvuke wote wa maji viko humu humu. Joto linapungua kwa wastani nyuzi 6.5 kila kilomita unayopanda, na hewa nayo inapungua haraka kuliko watu wanavyodhani, ukifika kilomita 5 na nusu tu tayari nusu ya hewa yote ya dunia umeiacha chini yako.

Mwisho wa troposfia hauko sawa kila mahali. Ikweta unafika kilomita 16 hadi 18, kwenye ncha za dunia ni 8 au 9 hivi. Sasa jambo ambalo watu hubisha wakilisikia ni kwamba pale mwishoni pa troposfia, juu ya ikweta kuna baridi kuliko juu ya ncha, ikweta inaweza kufika hasi 80 wakati juu ya ncha mara nyingi ni kama hasi 50 au hasi 60. Lakini ukifuata joto unaelewa tu, hewa ya ikweta imepanda safari ndefu zaidi na inapoa njia nzima.

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 wengi waliamini joto linaendelea kushuka hivyo hivyo mpaka juu kabisa. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort akawa anarusha maputo yenye vipimajoto, akarusha mamia, na kila mara kuanzia kilomita 11 hivi joto linaacha kushuka. Alitangaza mwaka 1902, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Assmann naye akatangaza jambo hilo hilo kutokana na vipimo vyake. Hiyo ndo stratosfia, inapanda mpaka kama kilomita 50.

Kinachopasha huku ni ozoni, yani oksijeni yenye atomi tatu, ambayo nyingi iko kati ya kilomita 15 na 35. Inanyonya miale ya UV ya jua, ile mikali isiyoonekana kwa macho, na kuigeuza joto, kwa hiyo ukifika kilomita 50 umerudi karibu na nyuzi 0. Na ozoni yenyewe ni kidogo mno jamani, ukiikusanya yote uiteremshe mpaka usawa wa bahari ingekuwa tabaka la milimita 3 tu, na hizo milimita 3 ndo zinazokinga viumbe vya nchi kavu.

Hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa ya baridi haipinduki, inatulia, na hapa mimi ndo huwa siishi kuongea. Wingu la radi likipanda mpaka kwenye mpaka huo linakwama na kutambaa pembeni, ile sehemu bapa unayoiona juu ya mawingu makubwa ndo alama ya mahali troposfia inapoishia. Afu kitu kikishaingia stratosfia hakitoki haraka mana hakuna mvua ya kukiosha. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 gesi yake ya salfa ilifika huko, ikageuka matone madogo sana yaliyozuia sehemu ya mwanga, na wastani wa joto la dunia ukashuka kama nusu nyuzi kwa muda wa mwaka mmoja hivi au zaidi. Gesi za CFC, zile zilizotumika kwenye friji na makopo ya kupulizia, nazo zilipanda taratibu mpaka huko zikaanza kula ozoni, na mwaka 1985 wanasayansi Waingereza Farman, Gardiner na Shanklin wakaripoti upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, miaka miwili baadae mkataba wa Montreal wa kuzidhibiti gesi hizo ukasainiwa.

Mesosfia, kilomita 50 mpaka 85 hivi, ozoni imepungua sana na kabonidioksaidi inatupa joto nje kwenda angani, kwa hiyo joto linashuka tena mpaka hasi 90 na zaidi. Vimondo vingi vinaungulia humu. Ni tabaka gumu kulipima kwa sababu maputo hayafiki na setilaiti haziwezi kuzunguka chini hivyo, roketi zinapita kwa dakika chache tu.

Juu ya hapo ni themosfia, mpaka kama kilomita 600, na joto linapanda kwa fujo, linavuka nyuzi 1000 na jua likichachamaa linakaribia 2000, sababu oksijeni na naitrojeni zinanyonya miale mikali zaidi ya jua. Msitishike na hizo namba, joto ni kasi ya chembe na chembe zenyewe ni chache mno, hazina uwezo wa kumuunguza mtu. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinazunguka humu, kilomita 400 hivi. Na tafadhali ionosfia msiihesabu kama tabaka lingine la joto, ni eneo lenye chembe zenye chaji ya umeme, linaanzia ndani ya mesosfia na kuendelea juu, ndilo linalorudisha mawimbi mafupi ya redio ardhini, mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924 na kupata Nobel 1947.

Tabaka la mwisho juu kabisa, eksosfia, ni haidrojeni na heli zinazotawanyika, nyingine zinapotelea angani moja kwa moja, haina mpaka wa kueleweka.

Kabonidioksaidi nayo ifuatilie kwa joto hivyo hivyo. Chini inazuia joto lisitoke, juu kwenye hewa nyepesi inalitupa nje, kwa hiyo tangu vipimo vya setilaiti vianze mwishoni mwa miaka ya 1970 troposfia inapata joto wakati stratosfia inapoa. Jua lingekuwa ndo chanzo, zote mbili zingepata joto. Hata themosfia inapoa na kusinyaa, hewa inapungua kwenye njia za setilaiti, na vyuma chakavu vilivyoko huko vinachukua muda mrefu zaidi kuanguka.