Udaktari wa biashara mtandaoni: bei uliyotangaziwa ni ya nusu ya safari

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alimaliza kozi zake zote za DBA, yaani udaktari wa usimamizi wa biashara, ndani ya miezi 14. Alikuwa akiamka alfajiri, anasoma kabla ya kwenda kazini, anawasilisha zoezi, na mfumo wa chuo unamfungulia kozi inayofuata papo hapo. Siku aliyomaliza aliniandikia: "Mwalimu, sasa imebaki tasnifu tu." Hiyo "tu" imekula miaka mitatu na bado inakula. Ada aliyolipa tangu siku ile imeshaipita ada ya kozi zote.

Nasimamia tasnifu za wanaosoma kwa masafa, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama upo udaktari wa biashara wa mtandaoni, wa bei nafuu, ambao mtu anajisomea kwa kasi yake. Upo. Ila "nafuu" na "kasi yako" ni sifa za sehemu ya kozi. Kwenye kozi, ukiweza kumaliza kwa wiki tatu somo lililopangiwa wiki nane, umemaliza, hakuna wa kukuzuia. Kwenye tasnifu unamsubiri msimamizi, halafu msomaji wa pili, halafu anayekagua mbinu za utafiti, halafu kamati ya maadili. Kila mmoja anaweza kuwa na wiki mbili au tatu za kusoma, na akirudisha na masahihisho, foleni inaanza upya. Sura moja ikizunguka hivyo mara nne, muhula umekwisha, na muhula unalipiwa.

Hapo ndipo bei inapojificha. Chukua vyuo viwili vya kufikirika. Cha kwanza kinatangaza ada ya jumla ya 100, tasnifu ikiwemo hadi utetezi. Cha pili kinatangaza 60, lakini kozi zikiisha kinatoza 8 kila muhula mpaka utetee. Ukimaliza tasnifu kwa mihula mitatu, cha pili kimekugharimu 84, umepata nafuu. Ukichukua mihula sita, umelipa 108. Wenye kazi na familia wanaomaliza tasnifu kwa mihula mitatu nawaona kwa nadra. Ndiyo maana mtu akinionyesha ukurasa wa ada, namwomba kwanza anionyeshe kanuni za tasnifu: mihula mingapi imo ndani ya bei, muhula wa ziada ni kiasi gani, na msimamizi anapewa siku ngapi kurudisha sura. Chuo kisichoweza kujibu hilo la mwisho kwa maandishi, mimi singekilipa hata kama ada yake ni nusu ya wengine.

Wengi hukwama hapohapo, na si wa mtandaoni peke yao. Council of Graduate Schools ya Marekani ilipofuatilia wanafunzi wa PhD wa vyuo vya kawaida na kutoa takwimu zake mwaka 2008, ilikuta takriban asilimia 57 ndio waliokuwa wamemaliza baada ya miaka 10.

Kuhusu DBA au PhD sitakaa sana. DBA inamtaka mtendaji achukue tatizo halisi la kazini na kulitatua kwa utafiti, PhD inataka mchango kwenye nadharia. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, soma kwanza matangazo ya nafasi unazozilenga, maana wapo waajiri wanaosisitiza PhD.

Ithibati, yaani uthibitisho wa chombo cha nje kwamba chuo kinakidhi viwango, ndiyo haina mzaha. Mwaka 2004 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania ilikishtaki kinachojiita chuo, Trinity Southern University, baada ya kumpatia paka aitwaye Colby shahada ya uzamili ya biashara (MBA). Paka alikuwa na matokeo pia, wastani wa 3.5, ambao ni mzuri kuliko wa baadhi yetu. Kwa hiyo neno "ithibati" kwenye tovuti ya chuo halitoshi. Tafuta ni nani aliyeitoa, kisha angalia kama mtoaji huyo naye anatambuliwa. Kwa vyuo vya Marekani, CHEA, baraza linalotambua watoaji wa ithibati, ina orodha ambayo yeyote anaweza kuipekua bure. AACSB, iliyoanzishwa 1916, na AMBA ya London ni watoaji wa ithibati ya juu ya shule za biashara, lakini vipo vyuo halali vya bei nafuu visivyo na mihuri yao. Kubwa zaidi ni kuiandikia mamlaka ya elimu ya juu ya nchi utakayoitumia shahada hiyo, uulize kama inaitambua ikiwa imesomwa mtandaoni. Iandikie kabla ya kulipa, na jibu ulitunze.

Sasa turudi kwenye tasnifu, kwa sababu ukitaka kupunguza gharama, mada ndiyo pa kuanzia. Yule mwanafunzi alikuja na "Athari za uongozi kwa utendaji wa makampuni". Mada hiyo haina mwisho: uongozi upi, utendaji unaopimwa vipi, makampuni ya wapi? Tulibishana miezi. Tulipofika kwenye "Kwa nini mameneja wa matawi wanaendelea kuagiza bidhaa kwa simu ilhali kampuni imewapa mfumo mpya", mapitio ya machapisho yalishuka kutoka kurasa 90 hadi 40, na ikajulikana ni nani wa kuhojiwa. Angekuja na swali hilo mwanzoni, kozi zake zenyewe zingekuwa mazoezi ya sura ya pili, yaani ya mapitio hayo.

Lakini mameneja hao walikuwa wakiripoti kwake. Kamati ya maadili ikauliza, kwa haki kabisa, kama mtu anaweza kumkatalia bosi wake mahojiano. Ikabidi mahojiano yafanywe na mtu mwingine, majina yafutwe kabla hajayaona, na kampuni itoe barua mpya ya ruhusa. Muhula mzima ukaenda. Ukipanga kutafiti mahali unapofanya kazi, omba barua hiyo ungali kwenye kozi, na usiwahoji walio chini yako.

Vifaa visikutishe. Zotero inapanga marejeo bure, na JASP au R zinafanya takwimu bila leseni ya kulipia. Pesa utakayookoa hapo ni ndogo ukiilinganisha na muhula mmoja wa kusubiri.

Juzi yule mwanafunzi ameniletea sura ya nne. Ina kurasa 31, na jumla za jedwali la pili hazilingani. Nimemrudishia siku ya tatu.