Saa Inasema Nimechoma Kalori 320: Nimepungua Kiasi Gani?

Nina kilo 80. Nimetembea haraka kwa saa nzima, na saa ya mkononi imeandika kalori 320. Ni gramu ngapi hizo?

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ukigawanya 320 kwa 7,700 unapata kama gramu 42. Lakini usishangilie bado, maana hiyo 320 yenyewe ina walakini.

Walakini gani?

Saa yako haipimi kalori, inakisia. Msingi wake ni huu: mtu aliyekaa kimya hutumia karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Kutembea haraka ni kama mara 4 ya hapo; kukimbia kilomita 8 kwa saa ni kama mara 8. Kwako wewe, 4 mara 80 ni 320. Sasa, ungebaki kwenye kiti saa hiyo hiyo ungetumia 80, tena bila jasho. Toa hizo. Zoezi lenyewe limekupa 240, yaani gramu 31 hivi. Watu wengi huruka hatua hii ya kutoa, halafu wanailaumu mizani.

Basi nikitembea hivyo siku 32 nitapungua kilo 1?

Kwenye karatasi, ndiyo. Mwili una hesabu zake. Ukitoka mazoezini njaa inauma, na chupa moja ya soda ya nusu lita hurudisha takriban kalori 200, karibu jasho lako lote la siku. Wengine wakishafanya mazoezi asubuhi hujilaza mchana kutwa bila kujijua, wakapunguza kule walikoongeza. Na kadiri uzito unavyoshuka, matembezi yale yale yanachoma kalori chache kuliko mwanzo, kwa kuwa mzigo unaobebwa umepungua. Kwa hiyo ichukue ile kilo 1 kama kikomo cha juu, si ahadi.

Mbona jana nilipima kabla na baada ya kukimbia, nikakuta nusu kilo imeondoka?

Ni maji hayo. Nusu lita ya jasho ni nusu kilo, na itarudi ukinywa. Hata kushuka kwa kasi kwa wiki ya kwanza sehemu kubwa huwa ni maji: wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji yenye uzito kama mara 3 ya wanga wenyewe, ukitumika yanaondoka nao. Kinyume chake pia hutokea. Misuli iliyouma kwa zoezi jipya huvuta maji, mizani ikapanda ilhali mafuta yanapungua. Mimi humshauri mtu apime asubuhi, akishatoka msalani na kabla ya kula, kisha alinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Namba ya siku moja itamchanganya bure.

Kama faida ni ndogo hivyo, si bora nipunguze chakula tu?

Kupunguza chakula huteremsha uzito haraka zaidi, hilo ni kweli. Ila bila mazoezi unapoteza misuli pamoja na mafuta.

Natumia insulini. Naweza kuanza?

Zungumza na daktari wako kwanza. Mazoezi hushusha sukari, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kumaliza, na huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.