"Nyama ya porini haina dawa," na mengine tunayodanganyana

Tangu kanuni za mabucha ya nyamapori zitoke mwaka 2020, si ajabu kusikia mtu Dar akisifia nyama ya pofu kama dawa. Haina sindano, wanasema, kwa hiyo ni safi. Mnyama wa porini hana sindano, kweli. Chanjo pia hana. Mnyama aliyekutwa amekufa porini, hasa akitoka damu isiyoganda puani, huenda ameuawa na ugonjwa wa kimeta, ambao vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi na havitishwi na moto wa sufuria. Huyo hapasuliwi wala haburutwi. Anaitwa afisa wa wanyamapori au wa mifugo.

"Kapigwa asubuhi, jioni yuko mjini, mbichi kabisa!" Mbichi kwa saa ya nani? Nyati ni mnene, na ngozi hufungia joto ndani. Asipotolewa matumbo mapema, nyama ya paja huanza kuharibika karibu na mfupa huku nje ikipendeza. Risasi ikipita tumboni, kinyesi humwagikia nyama. Wengi hukimbilia ndoo ya maji, nayo huusambaza tu uchafu. Sehemu hiyo hukatwa ikatupwa. Tundu la risasi nalo likatwe kwa upana, maana chembe za madini ya risasi huruka mbali kuliko jicho linavyoona, na watoto na wajawazito ndio huumia zaidi. Kisha nyama iingie kwenye baridi isiyozidi nyuzi 4. Buti la gari kwenye foleni ya Kimara si baridi, hata ukiifunika majani ya mgomba.

Friza haiui vijidudu, huvilaza tu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Nyama iliyoyeyuka ikawa ya vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, ipe kwaheri, hata kama uliinunua ghali.

Na ndimu, eti inaua vijidudu? Inalainisha, inanukia, basi. Ngiri anaweza kubeba minyoo midogo ndani ya misuli, na chumvi, ndimu wala moshi havitoshi kuiua. Mshikaki wake uive mpaka kati, nyuzi 71 au zaidi, usibaki wekundu. Anayeupenda nusu mbichi aagize wa ng'ombe, japo hata huo mimi sili.