Kipokezi cha homoni ya steroidi na kromatini: yanayoonekana katika tezi ya mate ya buu

Kipokezi cha homoni ya steroidi, yaani homoni ya jamii ya mafuta, ni protini yenye sehemu mbili za kushikia: moja huishika homoni, nyingine huishika DNA, uzi unaobeba jeni. Kromatini ni DNA hiyo pamoja na protini zinazoifunga, hasa histoni, ambazo hukaa nane nane na kuzungushiwa DNA yenye urefu wa jozi 147 za besi, zikapangana mfano wa shanga katika uzi. Kwa hiyo, anayeuliza jinsi kipokezi kinavyohusiana na kromatini anauliza jinsi ujumbe uliobebwa na damu unavyoifikia jeni iliyokunjwa, na nini hutokea hapo ukishaifikia.

Katika seli nyingi hatuwezi kulitazama jambo hili kwa hadubini ya kawaida, kwa sababu nyuzi zenyewe ni nyembamba mno. Tezi za mate za mabuu ya nzi ndizo zilizotufungulia mlango. Seli zake hunakili DNA tena na tena bila kugawanyika, na nakala hizo, ambazo kwa nzi wa matunda hufika elfu moja na zaidi, hubaki zimelala bega kwa bega, zikawa kromosomu nene yenye mistari ya giza na nuru, kama alivyoieleza mwanasayansi Balbiani mwaka 1881. Mweke buu aliyekomaa katika tone la maji ya chumvi, mshike kichwa kwa koleo ndogo, uvute taratibu: tezi mbili zinazopenya mwanga zitatoka zikiwa zimeshikamana na kichwa. Zikitiwa rangi na kubanwa baina ya vioo viwili, mistari hujitokeza, na hapa na pale utaona mstari uliofura, umelegea, na rangi yake imefifia. Uvimbe huo ni kromatini iliyofunguka, na hapo RNA, nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini, inatengenezwa kwa wingi.

Homoni inayoyaongoza haya ni ekdisoni, steroidi ya wadudu inayowafanya wajivue ngozi na kubadilika umbo. Mwaka 1954 wanakemia Butenandt na Karlson waliitenga kutoka kwa pupa wa nondo wa hariri, wakapata miligramu 25 tu katika kilo 500. Mwaka 1960 Clever na Karlson waliwadunga homoni hiyo mabuu wa Chironomus, mdudu wa jamii ya karibu na mbu, na uvimbe maalumu ukatokea katika muda usiofika saa moja. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya biolojia, kwani liliwaonyesha watu steroidi ikiiamsha jeni mahali panapojulikana.

Mtafiti Ashburner na wenzake waliendelea na tezi za nzi wa matunda zilizowekwa nje ya mwili. Waliona uvimbe wa mapema, unaotokea katika dakika chache, na uvimbe wa baadaye, ulio mwingi zaidi, unaofuata baada ya saa kadhaa. Tezi zilipowekewa dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini, uvimbe wa mapema ulitokea kama kawaida lakini haukunywea, na ule wa baadaye haukutokea. Mwaka 1974 walipendekeza kwamba homoni na kipokezi chake huziamsha jeni za mapema na kuzizuia za baadaye, kisha protini za jeni za mapema huzizima jeni zilizozizaa na kuziamsha zile zinazongoja.

Jeni ya kipokezi, EcR, ilitengwa mwaka 1991, na ikabainika kwamba protini yake hufanya kazi ikiwa imeungana na nyingine iitwayo Ultraspiracle. Wengi hukieleza kipokezi kwa mfano wa kufuli inayongoja ufunguo, na mfano huo unaficha nusu ya habari. Jozi hii huweza kukaa juu ya DNA hata homoni isipokuwepo, ikiwa imeambatana na protini zinazoibana kromatini na kuinyamazisha jeni. Homoni ikiingia, umbo la kipokezi hubadilika, protini hizo huachia, na nafasi yake huchukuliwa na nyingine zinazozitia histoni alama za kemikali au kuzisogeza, hata DNA ikawa wazi kusomwa. Kipokezi kile kile, basi, hufunga na hufungua.

Itikio halilingani kila mahali. Homoni inapopanda, jeni za gundi ambayo buu hujibandikia kabla ya kuwa pupa hunyamaza, na uvimbe wake hunywea wakati ule ule jeni za mapema zinapofura. Kisha, saa kama kumi baada ya ngozi ya buu kugeuka ganda gumu la pupa, homoni hupanda tena. Kufikia hapo seli zimekwisha kutengeneza protini nyingine, βFTZ-F1, inayoiandaa kromatini kwa itikio jipya. Jeni za kujiua kwa seli huamka, na tezi yenyewe huvunjwavunjwa.